Masale sebuleni, kwa kalenda ya Buha

Watanzania wengi wanayafahamu masale kama alama ya mpaka. Uchagani hutenganisha kihamba na kihamba, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni vigumu kwake kukataa kusamehe. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Michael Sheridan, aliandika mwaka 2008 juu ya nafasi hiyo ya masale nchini kwetu. Lakini mmea huohuo, hasa aina yenye mstari wa manjano katikati ya jani, umekuwa pambo la sebule na ofisi huko Ulaya na Marekani, na mashina yake hukatwa kwa wingi Costa Rica na kuuzwa ng'ambo. Ndiyo maana anayetafuta maelekezo ya kuutunza hukutana na maandishi ya watu wa nchi za baridi, yaliyokusudiwa nyumba za nchi za baridi. Kwa mkazi wa Kasulu au Kibondo, huku Buha, hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Ukitaka mmea mkubwa wa ndani usiopukutisha majani, masale yanakutosha, ila uyatunze kwa kufuata hali ya hewa ya Buha na kuiweka kando miongozo ya wageni.

Tuanze na kwao. Masale huota porini kuanzia Sudan hadi Msumbiji, na upande wa magharibi hufika Côte d'Ivoire na Angola, kwenye mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,250. Kasulu na Kibondo, zilizo juu ya mita 1,200, zimo humo. Msituni hayasimami juani. Hukaa chini ya miti mikubwa, mahali penye mwanga uliochujwa, udongo wenye majani yaliyooza, na maji yasiyotuama. Ukiyashika hayo matatu, maswali mengi ya utunzaji yamejibika. Udongo mwekundu wa shambani ukijazwa peke yake kwenye ndoo hushikamana na kuzuia maji, kwa hiyo uchanganywe na mboji na mchanga wa mtoni, na ndoo itobolewe matundu kadhaa chini. Samadi iwe imeoza kabisa, kwani mbichi huunguza mizizi.

Miongozo ya Ulaya husisitiza sana upande wa dirisha: la kusini lina jua, la kaskazini halina. Kwao ni kweli, kwa sababu jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kama nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupita karibu na utosi. Mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, na upenu wa bati hulizuia kwa kiasi kikubwa lisiingie kwa madirisha ya pande hizo. Linaloingia ndani ni la mashariki na la magharibi. La asubuhi ni la upole, na mmea uliowekwa hatua moja au mbili kutoka dirisha la mashariki utastawi. La alasiri huacha mabaka makavu ya kahawia. Hata hivyo, jua silo adui mkubwa katika nyumba zetu. Giza ndilo: madirisha madogo, mapazia mazito, wavu uliojaa vumbi. Macho ya mtu huzoea giza haraka, akadhani chumba kina mwanga wa kutosha. Jani halizoei hivyo. Sebule ambayo mchana husomi gazeti bila kuwasha taa haifai hata kwa masale, ambayo ni mavumilivu kuliko mimea mingi ya ndani.

Kasoro nyingine ni ya majira. Vitabu hivyo huagiza mbolea kuanzia Machi hadi Septemba, kisha maji yapunguzwe kuanzia Novemba kwa kuwa mmea umepumzika. Buha mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, ikakatika mwezi Mei hivi, na kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi chenye usiku wa baridi na upepo mkavu. Mbolea kidogo, basi, itolewe wakati wa mvua, mmea unapochipua kwa nguvu. Ushauri wa kupunguza maji Novemba haudhuru kwetu, lakini ni kwa bahati tu: wakati wa mvua hewa ina unyevu, mawingu yanatanda, na udongo wa ndooni hukawia kukauka. Kwa hiyo usimwagilie kwa kuhesabu siku. Ingiza kidole udongoni, na ukikuta unyevu, acha. Maji ya kuzidi huua masale mengi ya ndani kuliko kiu. Mizizi ikikosa hewa huoza, majani hugeuka manjano, na mwenye nyumba akiona manjano huongeza maji. Ncha zikikauka, huenda ni floridi au chumvi kwenye maji. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati hayana shida hiyo. Kiangazi, vumbi jekundu lifutwe kwa kitambaa kibichi, kwa sababu hulinyima jani mwanga na huwafurahisha utitiri.

Wapo wanaoamini mmea huiba hewa usiku. Ni kweli hutumia oksijeni gizani, lakini kidogo mno. Mtu mmoja aliyelala chumbani hutumia zaidi. Na wapo wauzaji wanaodai kinyume chake, kwamba husafisha hewa ya nyumba. Dai hilo lilitokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti za namna hiyo na kuonyesha kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifikie kazi ya hewa inayopita yenyewe nyumbani. Fungua dirisha. Hoja ya usalama ina uzito zaidi: mbwa au paka akitafuna masale hutapika. Lakini difenbakia, inayopendwa kwa majani yake yenye madoa, ni mbaya zaidi, kwa sababu utomvu wake huwasha na kuvimbisha kinywa cha mtoto.

Pingamizi gumu ni la mwenye shamba: kwa nini ahangaike na ndoo sebuleni wakati nje kuna ardhi? Akiwa na nafasi na kivuli, ayapande nje, hakuna atakachokosa. Sebule ni kwa mpangaji wa mjini, kwa ofisi, kwa zahanati, kwa mtu mwenye chumba na hana kiwanja. Huyo hahitaji kuagiza kitu Dar es Salaam. Akiyaona masale kwa jirani, aombe kipande cha shina cha urefu wa mkono mvua zinapoanza, akiache kidonda kikauke siku moja, kisha akisimike bila kukigeuza juu chini. Mizizi hutoka ndani ya wiki chache.