Pete za shaba zinazosaidia antena ndogo

Antena ya GPS iliyofichwa ndani ya gari ao pikipiki mara nyingi ni bapa: kipande cha shaba juu ya kibao kisichopitisha umeme, na shaba nyingine chini yake. Georges Deschamps alipendekeza antena ya aina hiyo mwaka wa 1953. Ni nyembamba na bei yake ni ndogo, lakini ina shida: urefu wake unafuata mawimbi.

Mawimbi ya telefone ya 900 MHz yana urefu wa santimetre 33 hivi. Nusu yake, ambayo antena ya aina hii ingehitaji, inazidi telefone nyingi. Kwenye GPS mafundi wanatumia kibao cha kauri, na antena inashuka kutoka karibu santimetre 9.5 hadi 2.5. Hapo bendi inapunguka, na sehemu ya nguvu inanaswa ndani ya kibao na kupotelea pembeni.

Hapo ndipo metamateria zinaingia. Haya si madini ya kuchimbwa. Ni shaba ya kawaida, iliyochorwa pete zenye pengo, ndogo sana kuliko wimbi lenyewe. Umbo ndilo linalofanya kazi. Mwaka wa 1967, Victor Veselago wa Moscow alipiga hesabu ya kitu kinachopinda mawimbi kinyume na kawaida. Hakuna aliyekiona kwa zaidi ya miaka 30. John Pendry alionyesha kazi ya pete hizo mwaka wa 1999, kisha David Smith na wenzake wa San Diego wakakitengeneza mwaka wa 2000.

Kwa antena, labda kazi yenye faida zaidi ni ya Dan Sievenpiper, mwaka huohuo wa 1999: vibati vyenye mguu, kama uyoga, vikizunguka antena vinazuia mawimbi kutambaa ndani ya kibao. Nguvu inatoka mbele, fasi inapotakiwa. Pete nazo zinaweza kupunguza ukubwa wa antena.

Lakini kuna garama. Uyoga unafanya kazi kwa bendi yake tu, na pete zinageuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Tena kila umbo linapimwa kwa antena yake. Kibandiko kinachouzwa kwa ahadi ya kuongeza rezo kwenye telefone yoyote hakina kipimo hicho.