Bunduki ya hewa ya zamani: Cheti kwanza, bisibisi baadaye

Katika nyumba za Kibarani, karibu na mji wa Kilifi, chuma hakipati raha. Upepo wa bahari huingia na chumvi, na kifaa kilichowekwa juu ya kabati kikiwa kizima huweza kushushwa baada ya miezi michache kikiwa kimeshika kutu.

Bunduki ya hewa inayotumia springi ni mojawapo ya vifaa hivyo. Kampuni ya BSA ya mjini Birmingham, Uingereza, ilianza kuziunda mwaka 1905, na hata zile za miaka ya 1950 na 1960 zaweza kufufuliwa nyumbani, kwa kuwa sehemu zake ni chache.

Hata hivyo, kazi haianzi kwa bisibisi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na silaha bila cheti, na si busara kudhani kwamba bunduki ya hewa ni kichezeo kisichohusika. Anayeikuta katika mali ya marehemu asiigawe kama saa ya ukutani, bali aulize kwanza katika kituo cha polisi au Bodi ya Leseni za Silaha. Kadhalika, kutengeneza silaha za watu wengine kwa malipo ni kazi ya wafanyabiashara waliosajiliwa pekee.

Inavyofanya kazi

Anayeijua pampu ya baiskeli au ya karabai ameshaelewa nusu ya mambo. Mtutu unapokunjwa, wenzo husukuma pistoni nyuma na kuikandamiza springi. Kifyatuo kikivutwa, springi huirusha pistoni mbele, nayo hewa hubanwa na kupenya katika tundu jembamba lililo nyuma ya kirisasi.

Kwa hiyo, bunduki ikipoteza nguvu, mambo ya kuchunguza ni matatu: washa ya pistoni iliyokauka au kuchakaa, springi iliyochoka, na mpira au ngozi iliyo kwenye maungio ya mtutu inayovujisha hewa.

Hatari iliyofichika

Kwanza hakikisha hakuna kirisasi ndani na kwamba springi haijategwa. Kamwe usivute kifyatuo mtutu ukiwa umekunjwa, kwani hurudi kwa kishindo, ukaweza kukata vidole na kupinda.

Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kuifungua. Hata bunduki isiyotegwa, springi yake imebanwa ndani ya silinda, na kizibo cha nyuma kikilegezwa kwa mkono mtupu chaweza kuruka na kumjeruhi aliye mbele yake. Lazima kiwepo kifaa cha kuikandamiza springi, kilichofungwa imara kwenye jiliwa, kisha ilegezwe polepole hadi nguvu zote ziishe. Asiye na kifaa hicho ni heri aiache ilivyo, aipeleke kwa fundi aliyesajiliwa.

Kurekebisha

Springi iliyotolewa iviringishwe juu ya meza iliyo sawa. Ikiyumba, imepinda na inafaa kubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kile kile. Wengi hukosea hapa kwa kuweka springi ngumu zaidi wakitarajia mwendo mkubwa. Mara nyingi wanachopata ni mshtuko, misumari ya parafujo inayolegea na kitako kinachopasuka.

Washa ya ngozi iliyokauka lakini haijachanika huweza kulainika tena ikilowekwa kwenye mafuta yanayofaa ngozi. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu baada ya muda hunata kama gundi. Mafuta mepesi ya mashine nayo yasizidi mbele ya pistoni, kwani hewa inayobanwa ghafla hupata joto na kuyawasha, kama ilivyo katika injini ya dizeli. Mlipuko huo huharibu washa na springi.

Kutu ya nje iondolewe kwa mafuta na sufu laini ya chuma, si kwa msasa mkali. Namba ya bunduki isiguswe, kwani ndiyo utambulisho wake kisheria, na ikifutika mwenye mali atakuwa na maswali magumu ya kujibu. Kitako cha mbao kisafishwe kwa kitambaa, kisha kipakwe mafuta ya kitani kidogo kidogo.

Baada ya kazi

Majaribio yafanyike mahali palipo na kizuizi madhubuti nyuma ya shabaha, mbali na watu na mifugo. Virisasi vingi ni vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo mikono ioshwe kabla ya kula na watoto wasivichezee.

Kuifufua bunduki hakumpi mtu ruhusa ya kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda pia ndege, wakiwamo wale adimu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kaskazini mwa Kilifi.

Mwisho, ihifadhiwe kabatini chini ya kufuli, ikiwa haijategwa na imepakwa mafuta membamba. Isiachwe ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa, kwani mfuko huo hushika unyevu, na katika hali ya hewa ya pwani kutu itarudi upesi.