Kosa la Kompaila ni Somo, Si Fedheha

Kila mwaka, mtihani wa KCSE unapomalizika, vijana wengi wa kaunti za Kisii na Nyamira hurejea makwao kungojea matokeo na hatimaye nafasi za vyuo. Kungojea huko huchukua miezi mingi. Miongoni mwao wamo wanaotamani kusomea kompyuta ilhali kompyuta yenyewe hawana. Walicho nacho ni simu ya mkononi. Je, simu hiyo yaweza kuwa karakana ya mwanagenzi, au ni chombo cha porojo tu?

Hapana shaka yaweza. Simu nyingi za Android hupokea programu ya bure iitwayo Termux, ambayo humfungulia mtumiaji uwanja mtupu wa kuandikia amri. Hapo, kwa amri moja tu, pkg install clang, kijana hupata kompaila ya lugha ya C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo wanafunzi wangali wanaanzia nayo hadi leo. Upakuaji huo hula data nyingi, kwa hiyo ni busara kuufanya mara moja penye Wi-Fi; baada ya hapo kazi huendelea hata pasipo mtandao. Kijana wa Keroka huandika faili ya mistari michache, akaiamuru clang salamu.c -o salamu, kisha ./salamu, na neno "Bwakire" likatokea kiooni.

Kwa jicho la mwanaisimu, kompaila ni mfasiri: huchukua matini nzima, ikaichunguza na kuigeuza kabla ya kazi kuanza. Python, kwa upande wake, hutumia mkalimani, atafsiriye msemaji akiendelea kusema. Mfasiri ni mkali. Sarufi ikivunjwa mahali pamoja, hukataa kuendelea, na hapo ndipo wanagenzi wengi hukata tamaa.

Tuchukue mfano. Kijana amesahau nukta mkato. Kompaila humjibu kwa Kiingereza, ikitanguliza salamu.c:4:18. Asiyefunzwa huona tusi. Aliyefunzwa husoma anwani: faili ya salamu, mstari wa 4, herufi ya 18, hapo palitarajiwa nukta mkato. Kosa hurekebishwa kwa kubonyeza mara moja.

Mfano wa pili una hila zaidi. Kijana amehifadhi kazi yake katika folda ya kawaida ya simu, pale zinapokaa picha na nyimbo. Kompaila inafasiri bila kulalamika, lakini anapotaka kuiendesha programu anaambiwa kwamba ruhusa imekataliwa. Yamkini atadhani simu imefungwa na aliyemuuzia, au kwamba kuna ada asiyoilipa. Kumbe Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka kwenye folda hiyo. Akiihamishia kazi yake katika makao ya Termux yenyewe na kuifasiri upya humo, itaenda. Maneno ya ujumbe ule aliyafahamu moja moja. Kilichomshinda ni muktadha.

Wapo wasemao kwamba simu ni ndogo mno na kwamba ni heri kungoja maabara. Ni kweli kioo chake huchosha macho, na kuandika mabano na nukta kwa vidole gumba ni adha. Simu haitachukua mahali pa kompyuta. Hata hivyo, mantiki ya programu haibadiliki kwa ukubwa wa kioo. Kijana wa Nyamira awezaye kuandika programu ya kuzidisha kilo za majani chai kwa bei na kutoa makato, amekwisha kuielewa misingi ambayo mwenzake ataikuta chuoni.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya kufundisha uandishi wa programu shuleni. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini silabasi haimfikii aliyekwisha kuiaga shule na yumo nyumbani akingoja. Huyu anahitaji kijitabu chembamba cha Kiswahili, kinachoeleza jumbe ishirini za makosa ambazo hujitokeza mara kwa mara, maana yake na dawa yake. Lugha yetu haishindwi na kazi hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili.

Chuo Kikuu cha Kisii kina wanafunzi wa kompyuta na wa Kiswahili; waketi pamoja wakiandike. Nazo serikali za kaunti hizi mbili, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini, zikisambaze humo na kuwaruhusu vijana watumie Wi-Fi mahali ipo.

Mwanagenzi wa Tabaka anayejifunza kuchonga jiwe la sabuni haachi kazi kwa sababu ya ufa mmoja. Fundi humwonyesha ufa ulikoanzia. Mwanagenzi wa programu naye ana fundi asiyechoka kumwonyesha kosa lilipo. Kilichobaki ni sisi tuliosoma kumsaidia aielewe lugha ya fundi huyo, kabla hajaamini kwamba kompyuta ni ya watu wengine.