Likizo Ndefu, na PIN Yetu Inajulikana

Shule zikifungwa mwishoni mwa Oktoba, simu ya mzazi hugeuka televisheni ya watoto hadi Januari. Kwetu pia. Juzi, tukilipia unga dukani, kitinda mimba wetu wa miaka sita akasema, "Mama, leta nikuwekee PIN." Akabonyeza namba zote nne bila kukosea! Kumbe alikuwa akitazama vidole vyetu siku zote.

Si mwizi, anapenda kusaidia tu. Shida ni hiyo hiyo: tapeli akipiga simu sisi tukiwa jikoni, atamsaidia vilevile. Jioni hiyo tulibadilisha PIN (ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, aibu yetu, kama yako ni hivyo, ibadilishe leo). Sasa katuni anatazama kwa simu kuukuu isiyo na laini. Analalamika kwamba skrini imepasuka.