Je, Wajua? Kigeu cha C Kisichosahau

Je, wajua kuwa fanksheni moja fupi ya lugha ya C inaweza kutoa 25 kwenye kompyuta moja na 15 kwenye nyingine, na kompyuta zote mbili zikawa sahihi?

Fanksheni yenyewe hupokea namba n. Ikiwa n imezidi sifuri, huongeza 1 kwenye kigeu x kilichoanza na 0, kisha hujiita yenyewe kwa n-1 na kulijumlisha jibu na x. Vinginevyo hurudisha 0. Ipe 5.

Kama x ni kigeu cha kawaida, kila mwito hupata x yake mpya kwenye steki. Kila x hufika 1, jumla 5. Sasa tanguliza neno static. x inakuwa moja tu, mali ya miito yote. Hupewa sifuri mara moja, kabla programu haijaanza kazi, basi. Miito mitano huipandisha hadi 5, na wakati wa kurudi kila mmoja huikuta ni 5: mara tano, 25. Ita tena kwa 5 katika programu ileile upate 50, maana x iliachwa kwenye 5 na sasa imefika 10.

Na 15 je? Kanuni za C haziamui upande upi wa alama ya kujumlisha ushughulikiwe kwanza. Kompaila ikiisoma x kabla ya kuita, hupata 1+2+3+4+5. Kwa hiyo mtahini anayeuliza swali hili na kukubali 25 pekee anawaonea wanafunzi. Dawa ni rahisi: ita kwanza, hifadhi jibu, ndipo ujumlishe.

Je, wajua kuwa Fortran, iliyotoka IBM mwaka 1957, haikuruhusu rasmi fanksheni kujiita mpaka toleo la Fortran 90? ALGOL 60 ilikuwa imeruhusu miaka 30 kabla. C, aliyoiunda Dennis Ritchie huko Bell Labs, inaruhusu hata main ijiite. C++ imepiga marufuku.

Kitabu cha Kernighan na Ritchie kuhusu C, toleo la pili la 1988, kina utani wake: faharasa, penye neno la fanksheni kujiita, inakuelekeza pia ukurasa wa 269, yaani ukurasa huohuo wa faharasa unaousoma.

Kigeu kisichosahau kimo hata katika maktaba rasmi ya C. Fanksheni strtok, inayokata matini vipande vipande, hujiwekea alama ya mahali ilipofikia. Ukiwa katikati ya kukata sentensi moja ukaanza nyingine, alama ya kwanza inafutika. Ndiyo sababu kiwango cha POSIX kikaleta strtok_r, ambayo humwachia anayeiita aitunze alama hiyo mwenyewe.