Tumejuaje Kwamba Chanjo ya Homa ya Matumbo Yafaa?

Nilipokwenda nyumbani kwa likizo ya Agosti 2025, nilimkuta mdogo wangu, mwenye miaka tisa, akijigamba kwa sababu ya sindano aliyodungwa mwezi uliotangulia. Ilikuwa chanjo ya homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi. Julai ile, watoto wa Kenya wa tangu miezi 9 hata miaka 14 walipewa chanjo hiyo. Nyanya yetu alimsikiliza, kisha akanigeukia. "Haya, mjukuu wangu uliyesoma, mmejuaje kwamba sindano hiyo yafaa?" Nikakosa la kusema. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, nikasoma pia, na haya ndiyo majibu niliyoyapata.

Homa ya matumbo huletwa na kijidudu kikaacho ndani ya binadamu peke yake. Hutoka pamoja na choo cha mgonjwa, kikaingia katika maji au chakula, kisha katika kinywa cha mtu mwingine. Kwa hiyo mahali penye watoto wengi na maji machache, ugonjwa huu hupata njia rahisi.

Wengine watasema kwamba kupima chanjo ni kazi nyepesi: wachanje watoto, ungoje, uone kama wataugua. Lakini sivyo. Mtoto ambaye mzazi wake amejitahidi kumpeleka kuchanjwa, huenda ni yule yule ambaye kwao maji huchemshwa. Asipougua, tutasifu sindano au sufuria? Tena homa nyingi zafanana, na malaria yaweza kudhaniwa kuwa taifodi.

Ndiyo sababu wataalamu huwagawa watoto kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupewa chanjo inayopimwa, na la pili hupewa chanjo ya ugonjwa mwingine. Njia hii si ngeni. Katika Guyana, iliyokuwa ikiitwa British Guiana, watoto wa shule waligawanywa tangu mwaka 1960. Wengine walipewa chanjo mbili tofauti za homa ya matumbo, na wale wa kulinganishwa nao walipewa chanjo ya pepopunda. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba chanjo moja iliishinda nyingine, ingawa zote mbili zilitengenezwa kwa kijidudu kile kile.

Jaribio lililo karibu nasi lilifanywa Malawi mwaka 2018, katika Ndirande na Zingwangwa, mitaa ya mji wa Blantyre. Watoto 28,130, wa miezi 9 hata miaka 12, waligawanywa karibu sawasawa. Nusu walipata chanjo mpya ya homa ya matumbo, na nusu walipata chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Wazazi hawakuambiwa mtoto wao amepata ipi. Mtoto alipopata homa, damu yake ilichukuliwa na kuwekwa katika chupa maalumu ili kuona kama kijidudu chenyewe kitaota. Asiyeoteshwa kijidudu hakuhesabiwa.

Baada ya miaka ipatayo miwili hesabu ilifanywa. Katika kundi la chanjo mpya waliougua walikuwa 12. Katika kundi la pili, 62. Toa 12 katika 62, wabaki 50. Gawanya 50 kwa 62, utapata kama 81 kwa mia. Hicho ndicho kipimo cha kinga. Hata baada ya miaka minne na zaidi, kinga ilikuwa bado kama 78 kwa mia.

Nilipomweleza nyanya haya likizo iliyofuata, alifikiri kidogo, akauliza, "Na hao sitini na wawili, kosa lao nini?" Swali hilo lilinichoma kuliko la kwanza. Kweli, hawakuwa na kosa. Lakini siku ile ya kura hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika kama chanjo ile ingewakinga watoto wa Malawi. Nao hawakuondoka mikono mitupu, maana walipata kinga ya ugonjwa mwingine mbaya. Mwaka 2023 Malawi ilianza kuwapa chanjo hiyo watoto wa nchi nzima walio chini ya miaka 15. Basi sindano ya mdogo wangu ina deni kwa watoto wa Blantyre, wale waliougua na wale wasiougua.

Wenzangu, tusiwasahau wale 12 pia. Walichanjwa, na bado wakaugua. Chanjo ni ngao, nayo ngao haifuniki mwili wote. Sisi wa Kidato cha Nne tulikuwa tumekwisha kuupita umri wa kuchanjwa, hata ngao hiyo hatukuipata. Kwa hiyo sabuni iliyo karibu na choo isichukuliwe kwenda kufulia soksi, na maji ya kunywa yachemshwe. Hayo hayahitaji kura.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne