Jeni Iliyohama Makao: Asili ya Saratani ya Burkitt na Tiba Yake

Mnamo mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano, aliyevimba taya zake pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo. Uvimbe huo ulikua upesi ajabu, na upasuaji haukufua dafu. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za ugonjwa huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Katika makala haya tutaeleza jinsi kasoro ya jeni inavyousababisha, na kwa nini kuielewa protini ni kuielewa tiba.

Jeni na Protini

Kila seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, na ndani ya kromosomu hizo zimepangwa jeni. Jeni ni maagizo. Mtenda kazi ni protini. Protini ni mnyororo wa asidi-amino uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo liamualo kazi yake. Wanafunzi watakumbuka ugonjwa wa selimundu: asidi-amino moja tu ya himoglobini hubadilika, na chembe nyekundu za damu hupinda mithili ya mundu.

Lakini kuna kasoro ya pili, isiyofahamika sana. Protini yaweza kuwa nzima kwa umbo, ila ikatengenezwa kupita kiasi, au wakati usiofaa. Saratani ya Burkitt huanzia hapo.

Kuhama kwa Jeni ya MYC

Katika kromosomu ya 8 kuna jeni iitwayo MYC. Protini yake huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni nyingine nyingi, ili seli ikue na kugawanyika. Kwa kuwa amri hiyo ni nzito, mwili huilinda sana: protini ya MYC huvunjwa upesi, na nusu yake hutoweka kwa muda wa dakika 20 hadi 30 hivi.

Katika saratani ya Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na, mara nyingi, kuungana na kromosomu ya 14, mahali penye jeni za kutengeneza kingamwili. Ugonjwa huu hushika chembe nyeupe za damu za aina ya B, ambazo kazi yake hasa ni kutengeneza kingamwili. Kwa hiyo mahali hapo pana amri ya kufanya kazi bila kupumzika. Jeni ya MYC ikihamia hapo hutii amri ya jirani zake. Ni kama shamba lililo kando ya mfereji mkuu usio na lango: maji hayakomi hata mimea ikizama. Watafiti waliutambua uhamaji wa jeni hii mwaka 1982.

Badiliko hili hutokea katika seli za mgonjwa mwenyewe. Halirithiwi, wala mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake.

Virusi na Malaria

Mwaka 1961 mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia mjini London. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona ndani ya seli zake virusi ambavyo sasa huitwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo vimeenea duniani kote, na watu wengi huishi navyo bila madhara. Mbona basi ugonjwa umezidi katika Afrika ya joto na mvua? Ni kwa sababu malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe za B zigawanyike, huku vimeng'enya vinavyokata na kupanga upya jeni za kingamwili vikifanya kazi kwa wingi. Kila mkato ni nafasi ya kukosea.

Protini Mbili, Tiba Mbili

Uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Haraka hiyo ndiyo udhaifu wake, maana seli inayogawanyika bila kukoma huumizwa upesi na dawa zinazouzuia mgawanyiko. Siklofosfamidi huharibu kromosomu; methotreksati huinyima seli malighafi za kujengea jeni mpya; vinkristini huzuia kromosomu kutengana. Katika miaka ya 1960 Burkitt na wenzake waliona uvimbe ukinywea kwa siku chache. Hata hivyo, seli nyingi zikifa kwa pamoja, mabaki yake huweza kuziba figo. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji na kuangaliwa kwa makini.

Protini ya MYC yenyewe ni vigumu kuizuia, kwa kuwa haina tundu la kufaa ambamo dawa ingekaa. Tuilinganishe na aina moja ya saratani ya damu inayokua polepole, ambamo kromosomu za 9 na 22 hubadilishana vipande. Humo jeni mbili huungana na kuzaa protini mpya, kimeng'enya kinachobandika fosfati juu ya protini nyingine bila kukoma. Kimeng'enya hicho kina tundu, na dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukaa humo kama kizibo. Lakini badiliko moja katika asidi-amino ya 315 huweza kuifukuza dawa hiyo, na daktari hulazimika kutumia nyingine.

Wajibu Wetu

Saratani ya Burkitt ikitambuliwa mapema na matibabu yakakamilishwa, watoto wengi hupona. Katika nchi zetu wengi bado hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa. Walimu na wanafunzi wazijue dalili zake: taya kuvimba, meno kulegea bila sababu, jicho kutokeza, au tumbo kujaa kwa siku chache. Mtoto wa namna hiyo asing'olewe jino tu na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali bila kukawia, kwani kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, juma moja ni muda mrefu.